Scarlet na Violet: nawezaje kupata shaini wa Dreepy na Ralts bila Shiny Charm?

Mshale_wa_Usiku

Habari wakuu. Nacheza Pokémon Scarlet, hadithi nimeshaimaliza na Tera Raid (mapambano ya kundi dhidi ya Pokémon mmoja) za nyota 5 nazimudu bila shida. Natafuta shaini wawili, yaani Pokémon wa rangi adimu: Dreepy na Ralts. Pokédex ya Paldea (orodha ya niliowakamata katika nchi ya gemu hii) bado haijafika 400, kwa hiyo Shiny Charm, ile zawadi inayoongeza uwezekano wa shaini, sina. Mfukoni nina Herba Mystica, vile viungo adimu vya sandwichi, sita: Salty tatu, Sweet mbili na Spicy moja.

Naomba msaada kwenye haya. Je, nikamilishe kwanza Pokédex ndipo nianze kuwinda, au nianze hivi hivi? Sandwichi inatengenezwaje ili Herba zisipotee bure? Na huyu Dreepy, hata wa rangi ya kawaida anaonekana kwa nadra sana, nimfanyeje? Kuna wanaosema mayai ni njia ya uhakika zaidi kuliko kuzunguka porini. Ni kweli?

---

KeteNane

Karibu mkuu. Anza kuwinda sasa, usisubiri Charm. Hesabu yenyewe itakuonyesha kwa nini.

Kila Pokémon anapotokea porini, gemu inarusha kete kuamua kama atakuwa shaini. Bila nyongeza yoyote inarusha mara moja tu, na uwezekano ni 1 kwa 4096. Nyongeza zote unazozisikia kazi yake ni moja: kuongeza idadi ya mara ambazo kete inarushwa kwa huyo mmoja. Shiny Charm inaongeza mara 2. Sandwichi yenye Sparkling Power inaongeza 1, 2 au 3 kulingana na daraja lake. Kundi la Mass Outbreak, yale makundi makubwa ya spishi moja yanayoonekana kwenye ramani, linaongeza 1 ukishaangusha 30, na 2 ukishafikisha 60. Jumlisha zote pamoja na ile moja ya msingi, unapata 8. Ni 8 kwa 4096, yaani 1 kwa 512, na hicho ndicho kiwango cha juu kabisa porini katika gemu hii.

Wewe bila Charm unabaki na 6 ndani ya kundi lenye 60 walioangushwa (karibu 1 kwa 683), au 4 nje ya kundi (1 kwa 1024).

Sasa tuseme kila ukifungua na kufunga pikiniki unaona Pokémon 12 unaowataka, na mzunguko mmoja unachukua sekunde 30. Sandwichi inadumu dakika 30, kwa hiyo ni mizunguko 60, Pokémon 720. Uwezekano wa kumpata angalau shaini mmoja ndani ya sandwichi hiyo ni hivi: ukiwa na kila kitu, karibu asilimia 75. Kundi na sandwichi bila Charm, 65. Sandwichi peke yake bila kundi wala Charm, 50. Bila chochote kabisa, 16 tu. Unaona pengo kubwa liko wapi? Sandwichi ndiyo inayobeba mzigo. Charm ni nzuri na ukifikisha 400 nenda kwa Jacq pale akademi akupe, lakini kuacha kuwinda kwa sababu yake ni kupoteza muda.

Na angalia kitu kingine kwenye hesabu hiyo. Zile 720 ni muhimu kuliko hata kete. Mtu anayezunguka juu ya Koraidon, kipando chake, akitazama Pokémon 5 kwa dakika, hata awe na kete zote 8, kwa nusu saa ameona 150 tu, na uwezekano wake ni kama asilimia 25. Kwa hiyo swali la kwanza kila unapochagua mahali liwe: hapa nitaona wangapi kwa dakika?

Ndiyo maana watu wanatumia pikiniki. Ukiifungua na kuifunga, Pokémon wote waliokuzunguka wanafutwa na wapya wanatokea. Simama sehemu tambarare, iliyo wazi, ambapo unaweza kugeuza kamera pande zote bila kutembea. Fungua pikiniki, funga, zungusha kamera, rudia. Kwenye miteremko na vichaka virefu unapoteza nusu ya unaoweza kuwaona, na wengine wanatokea chini ya ukingo usipofika macho.

Hapa sasa ndipo wengi wanapopotezea shaini wao bila kujua: Scarlet na Violet hazitoi mlio wala kimulimuli shaini anapotokea uwanjani. Rangi ndiyo dalili pekee. Kwa Ralts huna wasiwasi, kichwa cha kijani kinakuwa cha bluu na pembe nyekundu zinakuwa za machungwa. Kwa spishi kama Pikachu au Gengar tofauti ni ndogo kiasi kwamba usiku unaweza kumpita. Kabla hujaanza, tazama picha ya shaini wa spishi unayoitafuta, na uwinde mchana wa ndani ya gemu.

Ukiwa na shaka na rangi, bonyeza R umtume Pokémon wako wa kwanza ampige huyo unayemshuku. Akiwa wa kawaida, atampiga. Akiwa shaini, Pokémon wako atakataa kupigana naye. Kwa hiyo wakati wa kuangusha wale 60 huna haja ya kuogopa kuua shaini kwa R, mfumo wenyewe unakulinda. Ila haukulindi dhidi ya kumwacha akatoweka: ukienda mbali anafutwa, na ukifungua pikiniki anafutwa. Zungusha kamera duara zima kila mara kabla ya kufungua pikiniki nyingine.

---

Daraja_la_Tatu

Naongezea kwenye sandwichi, maana hapo ndipo Herba zinapoteketea.

Tumia hali ya kutengeneza kwa ubunifu wako, siyo mapishi yaliyoandaliwa. Weka kiungo kimoja tu cha kawaida, kisha Herba Mystica mbili upande wa viungo vya kuonja. Basi. Herba mbili ndizo zinazokupa Sparkling Power ya daraja la 3, kile kiungo kimoja kinaamua aina, na ladha ya Herba inaamua nguvu ya tatu itakuwa ipi. Unachokitaka hapo ni Encounter Power, inayowafanya Pokémon wa aina hiyo watokee kwa wingi zaidi. Kwa kuwa una Salty tatu, tumia Salty mbili: zinaleta Encounter Power bila mashaka. Usitumie zile Sweet kwa kazi hii, Sweet inavuta kuelekea Egg Power, nguvu ya kupata mayai, na hiyo haina msaada wowote porini.

Kuhusu aina: tango ni Water, letusi ni Grass, pilipili hoho ya njano ni Electric, parachichi ni Dragon, kitunguu chekundu ni Ghost, kitunguu cha kawaida ni Psychic, nyanya ni Fairy. Nyanya ndogo za mviringo ni kiungo tofauti na zinatoa Bug, usizichanganye.

Nguvu ya sandwichi inagusa aina uliyochagua tu. Ukila ya Fairy halafu ukakaa unatazama kundi la Pokémon wa Water, hupati nyongeza hata moja ya kete. Kwa Pokémon mwenye aina mbili, mojawapo inatosha. Ralts ni Psychic na Fairy, kwa hiyo kitunguu au nyanya, zote zinafanya kazi. Unachagua kwa kutazama majirani zake: kama eneo lina Psychic wengine wengi, tumia Fairy, na kinyume chake. Lengo ni Encounter Power ikuletee Ralts, siyo umati wa spishi nyingine zenye aina hiyo hiyo.

Sasa kuhusu kutopoteza Herba. Zima Autosave kabisa: fungua menyu kwa X, nenda Options, Autosave iweke Off. Halafu fuata mpangilio huu bila kuuruka. Nenda mahali pa kuwindia. Kama ni kundi, angusha 60 kwanza. Sevu kwa mkono. Hapo ndipo ufungue pikiniki utengeneze sandwichi. Nguvu zikitokea tofauti na ulivyotaka, funga gemu bila kusevu, fungua upya, Herba zako ziko palepale. Dakika 30 zikiisha bila shaini, vivyo hivyo. Kwa njia hii Herba mbili zinaweza kukufikisha kwa shaini wako hata kama bahati ya mwanzo ni mbaya. Zinatumika kweli pale tu unapompata na kusevu.

Kitu kinachowaponza ni kusahau Autosave ikiwa On. Gemu inasevu yenyewe na hapo huna pa kurudi.

Jambo jingine, usile chakula kingine katikati. Nguvu za mlo mpya zinachukua nafasi ya za zamani, ukiingia mgahawani kwa bahati mbaya umejifutia Sparkling Power.

---

Mshale_wa_Usiku

Asanteni sana wakuu, hii ya Autosave sikuijua. Nitajuaje nimefikisha 60? Kuna ujumbe unatokea kwenye skrini kwamba wanapungua, naweza kuutegemea? Na ikiwa siku nzima hakuna kundi la Ralts kwenye ramani?

---

Daraja_la_Tatu

Usitegemee ujumbe kama kipimo, hesabu mwenyewe. Ujumbe unakupa picha tu, hauonyeshi namba. Tuma kwa R Pokémon wa daraja la juu mwenye aina inayowashinda, kwa sababu katika mapigano ya R aina inahesabika sana: ukituma mwenye aina dhaifu atarudi uhai umeisha na utapoteza muda kumponya. Kwa Ralts tuma wa Steel, anawapiga Fairy vizuri na Psychic haimuumizi sana. Ukifika 60 ongeza wawili watatu kwa ajili ya makosa ya kuhesabu, halafu acha. Kundi lina mwisho wake, ukiendelea kuangusha tu unaweza kulimaliza na ukose mahali pa kuwindia.

Makundi yanabadilika tarehe ya mashine inapogeuka usiku wa manane. Kama hakuna kundi unalolitaka, funga gemu, nenda kwenye mipangilio ya Nintendo Switch, zima ulandanishaji wa saa kupitia intaneti, sogeza tarehe siku moja mbele, kisha rudi utazame ramani. Rudia hadi litokee. Likishatokea na umeshaangusha 60, usiguse tarehe tena, na usianze sandwichi saa tano na nusu usiku. Tarehe ikigeuka, kundi na hesabu yako vyote vimekwenda.

---

Kikapu_cha_Mayai

Kuhusu mayai, jibu langu ni hapana kwa Ralts na Dreepy, ndiyo kwa wengine.

Mayai yanafuata kanuni yake. Wazazi wawili wakiwa na asili ya lugha tofauti, kete inarushwa mara 6 (karibu 1 kwa 683), na ukiwa na Charm mara 8 (1 kwa 512). Njia hii inaitwa Masuda Method na imekuwepo tangu Diamond na Pearl za mwaka 2006. Kwa namba inalingana na porini, ila kila yai lazima uliangue kwa kutembea, wakati porini unatazama 12 kwa mpigo mmoja. Halafu Sparkling Power haigusi mayai kabisa. Kwa hiyo mwenye Herba na spishi inayopatikana porini abaki porini.

Mayai yanafaa kwa Sprigatito, Fuecoco na Quaxly, ambao Paldea huwapati porini. Yule unayepewa mwanzoni mwa hadithi amefungwa, hawezi kuwa shaini hata uanze gemu upya mara ngapi, lakini watoto wake wanaweza. Yanafaa pia kwa mtu anayetaka shaini ndani ya mpira maalumu: ukimzalisha na Ditto, Pokémon anayeweza kuzaa na karibu spishi yoyote, mtoto anarithi mpira wa yule mzazi mwingine.

Makosa ninayoyaona yakijirudia ni mawili. La kwanza, watu wanadhani "lugha tofauti" ni nchi tofauti. Siyo. Kinachohesabika ni lugha iliyochaguliwa gemu ya mmiliki wa kwanza ilipoanzishwa. Ditto aliyetoka bara jingine lakini kwenye gemu ya Kiingereza, akikutana na Pokémon wako wa Kiingereza, hawakupi chochote zaidi ya kete ya kawaida. Mtazame kwenye boksi: wa lugha ya kigeni anaonyesha alama kama JPN, FRE au GER.

La pili, kuwa na Pokémon wengine kwenye timu wakati wa pikiniki. Wote waliopo wanaweza kuzaa na Ditto, na kikapu kinajaa mayai usiyoyataka. Bakiza wawili tu. Kula kwanza Great Peanut Butter Sandwich, inatoa Egg Power ya daraja la 2. Kikapu kinabeba mayai 10, yatoe kabla hakijajaa ili uzalishaji usisimame. Kisha wakati wa kuangua, weka mbele Pokémon mwenye uwezo wa Flame Body, kwa mfano Talonflame, hatua zinazohitajika zinapungua kwa nusu.

---

Mtegaji

Wengi wanampata shaini halafu wanamwangusha wenyewe. Niongelee hapo.

Dreepy ana kiwango cha kukamatwa cha 45, na Ralts 235. Ralts anaingia karibu mpira wowote. Dreepy ni mgumu na lazima ujiandae kabla hujaanza sandwichi, siyo wakati ameshatokea mbele yako.

Wengi wanatembea na Gallade mwenye False Swipe, Thunder Wave na Hypnosis. Ni chaguo zuri kwa sababu False Swipe haiwezi kuua, inaacha uhai wa 1. Lakini False Swipe ni pigo la Normal, na Dreepy ni Ghost na Dragon. Halimgusi hata kidogo. Kwa Ghost wote unahitaji kwanza Soak, pigo linalombadilisha mpinzani kuwa Water mtupu, ndipo False Swipe imfikie. Psyduck anajifunza Soak kwa kupanda daraja. Kwa hiyo: Psyduck kwanza, Soak, badilisha umlete Gallade, usingizi, kisha False Swipe.

Usingizi unazidisha uwezekano wa kukamata kwa 2.5, kupooza kwa 1.5. Usitumie sumu wala kuunguza, vinakula uhai kila zamu na vitamuua akiwa na 1. Kama unapendelea Breloom na Spore yake, ni nzuri mno, ila kumbuka Spore haiwashiki Pokémon wa Grass. Na Thunder Wave haiwashiki wa Ground wala wa Electric.

Mipira: zamu ya kwanza kabisa rusha Quick Ball, inazidisha mara 5, na inafaa zamu hiyo tu. Ikishindikana fanya maandalizi hapo juu, halafu tumia Repeat Ball, mara 3.5 kwa spishi ambayo umeshawahi kuikamata. Ndiyo maana inalipa kumkamata Dreepy wa kawaida mapema. Usiku au pangoni Dusk Ball ni mara 3. Pambano likirefuka, Timer Ball inapanda hadi mara 4. Nunua 20 za kila moja kabla ya kuanza.

Jua pia spishi unayowinda ina mapigo gani. Wenye Teleport wanaweza kutoweka, kwao ni Quick Ball zamu ya kwanza au Mean Look. Wenye Self-Destruct au Explosion wanajilipua, na dawa yake ni kutoa Pokémon mwenye uwezo wa Damp. Wenye Take Down au Double-Edge wanajiumiza wenyewe wanapokupiga, ukimpeleka kwenye uhai wa 1 kabla ya kumlaza umemwua. Roar na Whirlwind zinamaliza pambano papo hapo. Na pambano likiendelea mpaka mapigo yake yameisha, ataanza kutumia Struggle, ambayo nayo inamuumiza. Kwa hiyo mpangilio salama ni kumlaza usingizi kwanza, ndipo umpunguze uhai.

Usiweke Pokémon mwenye kuleta dhoruba ya mchanga kwenye timu ya kukamatia. Mchanga unamgusa hata akiwa amelala.

---

Theluji_ya_Hisui

Kama una Legends: Arceus ya mwaka 2022, Ralts mwindie huko. Kwenye gemu hiyo kundi la Mass Outbreak lenyewe linaongeza mara 25 papo hapo, bila kuangusha mtu. Ukifikisha utafiti wa daraja la 10 kwa spishi hiyo unapata 1 zaidi, ukiukamilisha kikamilifu zinakuwa 3, na Charm ya huko ni 3 nyingine. Jumla 32, yaani 1 kwa 128. Yale makubwa zaidi yaliyoongezwa na sasisho la Daybreak yanatoa 12 badala ya 25, ila yanakuja mengi kwa pamoja, na ukiwa na kila kitu ni kama 1 kwa 216.

Na shaini huko anasikika. Anapotokea karibu nawe kuna mlio na nyota zinamzunguka, kwa hiyo weka sauti juu. Sevu ukiwa kijijini Jubilife, ongea na mlinzi wa lango utazame ramani, kama hakuna kundi la maana toka, rudi, tazama tena. Dreepy hayupo Hisui, nchi ya gemu hiyo, huyo lazima umtafute Paldea.

---

Mshale_wa_Usiku

Nimeelewa, nitaanza na Ralts. Kwa Dreepy, akiwa hana kundi, nitumie Dragon au Ghost? Na kuna wengine ambao ni bure kuwatafuta?

---

KeteNane

Fungua Pokédex, chagua Dreepy, tazama ramani ya makazi yake. Chagua eneo lake moja, kisha kabla ya kula chochote tembea hapo ukihesabu spishi unazoziona. Andika ni wangapi wa Ghost na wangapi wa Dragon. Mara nyingi Dragon ndiyo yenye majirani wachache, kwa hiyo anza na parachichi, lakini hesabu ya eneo lenyewe ndiyo iamue. Encounter Power ya daraja la 3 ikishaanza, utaona mabadiliko ndani ya pikiniki mbili au tatu. Kama spishi nyingine bado inajaza uwanja, sogea mita kadhaa. Mipaka ya makazi ni midogo, na hatua chache zinaweza kuitoa ile spishi nyingine kabisa. Ukipata mahali ambapo kila anayetokea ni Dreepy au Drakloak (Dreepy aliyebadilika), piga alama kwenye ramani, sevu hapo, ndipo uanze sandwichi ya kweli. Ile ya majaribio irudishe kwa kufunga gemu bila kusevu.

Walio bure: Koraidon, Miraidon, wale wanne Wo-Chien, Chien-Pao, Ting-Lu na Chi-Yu, pamoja na Ogerpon na Terapagos, wote wamefungwa, huwezi kuwawinda wakiwa shaini katika gemu hii. Gimmighoul naye vivyo hivyo, usimpotezee sandwichi. Tera Raid zina kete yake, Charm na sandwichi haziigusi, kwa hiyo zifanye kwa ajili ya Herba na si kwa ajili ya shaini.

Pia kuna adimu ambao si wa rangi. Dudunsparce mwenye mapingili matatu na Maushold wa familia ya watatu wote ni 1 kwa 100. Watu wanasevu kabla ya kumbadilisha Dunsparce au Tandemaus, wanarudia na kurudia, na matokeo ni yaleyale. Umbo hilo linaamuliwa siku Pokémon anapotokea au anapoanguliwa, siyo anapobadilika. Ukiwataka, kamata Dunsparce wengi na uwabadilishe wote mmoja mmoja.

Kwa Dreepy, kabla hujala parachichi hakikisha Psyduck mwenye Soak yuko kwenye timu na Quick Ball ziko juu kwenye orodha. Ukimwona rangi tofauti usifungue pikiniki wala usimkimbilie moja kwa moja. Mzungukie kwa nyuma ukiwa umeinama, mrushie mpira mgongoni, na utaanza pambano akiwa hajajiandaa, ukiwa na zamu ya bure ya kurusha ile Quick Ball.